Floraidi ya San Antonio: kura walishinda, nyumbani je?

Tarehe 7 Novemba 2000 Wamarekani walikua wanachagua kati ya Bush na Gore, ule uchaguzi uliokuja kuishia mahakamani, ila watu wa San antonio kule Texas walikua na swali lao la ziada kwenye karatasi ya kura, limeandikwa Kiingereza na Kispanyola: maji ya bomba ya mji yaongezwe floraidi (madini yanayosaidia meno yasioze) au yasiongezwe. Swali lenyewe halikua jipya. Mwaka 1966 waliulizwa wakasema hapana, 1985 wakaulizwa tena wakasema hapana. Hii mara ya tatu ndo likapita, kama asilimia 53 kwa 47, na Agosti 2002 floraidi ikaanza kuingia kwenye mabomba.

Watu wa afya ya jamii wakikisimulia hiki kisa huwa wanaishia hapo, tulishinda, asanteni. Mimi nadhani hapo ndo pa kuanzia. Viongozi walifanya kazi nzuri sana ya kupata kura, lakini kazi ya kumfanya mama wa mtaani ayaamini yale maji kiasi cha kumpa mwanae haikupata mwenyewe, na miaka tisa baada ya floraidi kuanza wakatokea watu wengine wenye heshima yao wakalijaza lile pengo kwa namna ambayo madaktari wa meno hawakuitegemea kabisa.

Kwanza uujue mji. Sensa ya 2000 iliikuta San Antonio na watu 1,144,646, karibu asilimia 59 ni Walatino, wengi wao asili ya Meksiko, na usidhani wote ni wageni waliovuka mpaka juzi, kuna familia pale zilikuwepo kabla Texas yenyewe haijawa sehemu ya Marekani. Upande wa magharibi wa mji ndo kitovu chao, kuna parokia zao, masoko yao, na kwa miaka mingi ndo upande uliokua unasahaulika kwenye mitaro, lami, kila kitu. Maji ya mji yanatoka zaidi chini ya ardhi, kwenye ule mwamba wa chokaa unaoitwa Edwards Aquifer, na tayari yana floraidi yake ya asili ila kidogo, kama miligramu 0.3 kwa lita. Kiwango kilichokua kinapendekezwa Marekani enzi hizo kilikua kati ya 0.7 na 1.2 kutegemea joto la mahali (penye joto watu wanakunywa maji mengi kwa hiyo dozi inashushwa), na kuanzia 2015 wakaweka kimoja tu nchi nzima, 0.7. Kwa hiyo San Antonio walikua wanajazia, sio kwamba wanaingiza kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye maji yao.

Najua msomaji wa Arusha hapa ameshakunja uso. Kwetu floraidi ndo adui, nenda Meru, nenda vijiji vya chini ya mlima, utakuta watu wazima meno yana kahawia ya kudumu na wengine tangu watoto miguu imepinda, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kabisa cha kuitoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Ni kweli tupu na wala haipingani na kisa hiki. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, maji ya baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa yanavuka hapo mara nyingi tu, ya San Antonio baada ya kujaziwa hayafiki hata nusu yake. Lakini kitu ambacho nakitilia mkazo ni hiki, Meksiko nayo ina mikoa yenye shida kama ya Arusha, Durango, Aguascalientes, San Luis Potosí, maji ya ardhini yana floraidi nyingi na watu wana meno yenye madoa. Mtu mwenye bibi anayetoka huko ukimwambia floraidi ni nzuri kwa meno, kichwani kwake anaiona picha ya meno ya bibi. Huwezi kumjibu kwa kipeperushi chenye tabasamu jeupe, unatakiwa ukae nae umwelezee habari ya kiwango mpaka muelewane.

Na shida ya meno ipo, tena kubwa. Takwimu za taifa za Marekani za 2011 na 2012 zinaonyesha watoto wa Kilatino wa miaka 2 hadi 8, karibu 46 kati ya 100 walishapata kuoza kwa meno ya utoto, wazungu ni kama 31. Kwa asiyejua kuoza kwa mtoto mdogo kunakuaje, ni hivi. Inua mdomo wa juu wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaelala na chupa ya maziwa au juisi. Cha kwanza utaona kamstari keupe kama chaki kwenye meno ya mbele ya juu, pale yanapokutana na fizi, mama wengi wanapita tu wanadhani ni maziwa yamegandia. Miezi kadhaa mbele ule mstari unageuka njano, kisha kahawia, jino linaanza kumeguka toka pembeni mpaka kinabaki kisiki. Ya chini ya mbele unayakuta mazima kabisa, kwa sababu ulimi umeyafunika na mate yanayaosha. Hapo mtoto anakula upande mmoja, usiku analia, shule ikija hakai akasikiliza, na matibabu yake mara nyingi ni kulazwa chumba cha upasuaji na kupigwa nusu kaputi ili meno mengine yang'olewe na mengine yavishwe kofia za chuma, maana huwezi kumkalisha mtoto wa miaka mitatu kwenye kiti ukamtoboa meno manane. Pale kwenye mstari wa chaki jino bado linarudi, floraidi inafanya kazi hapo hasa, inakaa kwenye mate na inasaidia madini yarudi kwenye jino kabla halijatoboka. Ukichelewa tu pale, umeshaingia kwenye gharama.

Kwanini sasa watu wenye shida hii walikataa mara mbili? Jibu la haraka linalotolewa ni elimu ndogo, na mimi silikubali. San Antonio ni mji ambao watu wake wana historia ndefu ya kuambiwa habari za maji na wakubwa na kukuta wamedanganywa au wameachwa. Upande wa magharibi mvua zikinyesha nyumba zilikua zinaingia maji miaka na miaka wakati hela za mitaro zilishatengwa, mpaka 1974 watu wa parokia wakajipanga chini ya Ernesto Cortés Jr. wakaanzisha umoja wao wa COPS, wanajazana kwenye vikao vya mji mpaka wasikilizwe. Mwaka 1976 wakapiga kura kuzuia jengo kubwa la maduka lisijengwe juu ya eneo linalolisha ile Edwards Aquifer. Mwaka 1991 wakalipigia kura ya hapana bwawa la Applewhite, 1994 likaletwa tena wakalikataa tena. Hawa ni watu waliofundishwa na maisha kwamba swali la maji likiletwa na ofisi, kwanza unasema hapana alafu ndo unauliza. Hata 1985 meya alikua Henry Cisneros, mtoto wa huohuo upande wa magharibi, mtu aliyependwa sana, na bado floraidi ilianguka. Yaani sura ya Kilatino pale juu peke yake haikutosha.

Kilichobadilika 2000 ni mambo kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1999 CDC, kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliitaja floraidi kwenye maji kama moja ya mafanikio kumi makubwa ya afya ya jamii ya karne nzima. Mei 2000 mganga mkuu wa Marekani David Satcher akatoa ripoti ya kwanza kabisa ya ngazi yake kuhusu afya ya kinywa, akasema wazi kwamba maskini na watu wa jamii za wachache ndo wanaobeba mzigo, na akauita janga la kimyakimya. Kwa hiyo waliokua wanasukuma ndiyo pale mjini walikua na kitu kipya mkononi. Idara ya afya ya mji ilikua chini ya Dk. Fernando Guerra, daktari wa watoto, Mlatino, aliekaa kwenye ile nafasi tangu 1987, na kuna chuo cha meno cha University of Texas hapohapo San Antonio, kwa hiyo hoja haikuletwa na mtu wa kutoka Washington, ililetwa na watu ambao wazazi walishawahi kuwapelekea watoto. Kwangu hili ndo somo la kwanza la uongozi kwenye kisa hiki, na ni zito: mtu anayekuomba umuamini kuhusu maji awe alishamtibu mwanao kabla hajaja kuomba kura. Miaka kumi na tatu ya Guerra kwenye kiti kile ilikua ni kampeni tosha kabla kampeni haijaanza.

Lakini asilimia 47 walisema hapana. Hao hawakuhama mji. Kesho yake waliamka palepale, wakafungua bomba lilelile.

Baada ya 2002 mjadala mjini ukapoa, na hapo ndo naona kosa lilipo. Floraidi ikishaanza, wataalamu wanahesabu kazi imeisha, mji unatiwa tiki kwenye orodha. Kumbe familia nyingi za Kilatino, hasa zenye wazazi waliozaliwa Meksiko, hazinywi maji ya bomba. Meksiko ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa kunywa maji ya chupa, na sababu unaijua wewe unaesoma hapa bila kuelezwa, ni ileile inayofanya mtu wa Dar achemshe au anunue dumu. Mama amekua anajua bomba ni la kufulia na kuoshea vyombo, anahamia Texas, bomba la Texas ni salama lakini nani kamwambia, kwa hiyo ananunua garrafón, lile dumu la lita kama 19, au anaenda na madumu yake kwenye mashine za maji yaliyochujwa zilizojaa kwenye vitongoji vya Walatino. Maji yaliyochujwa kwa namna ile floraidi yake nyingi imeondoka. Kwa hiyo mtoto aliyekua analengwa hasa na ile kura yote anakunywa maji yasiyo na floraidi, tena kwa kuyanunua, na mtoto wa mtaa wenye hela ambae anapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na anaenda kwa daktari kila miezi sita ndo anapata na ya bomba juu yake. Sio San Antonio peke yake, tafiti za miji mingine ya Marekani zimekuta hivyohivyo kwa familia za Kilatino na maji ya chupa.

Hapa ndo panapohitajika promotoras. Hawa ni wanawake wa mtaani wanaopewa mafunzo ya afya na kurudi kwa majirani zao, wahudumu wa afya ngazi ya jamii kama wa kwetu tu, na Texas ni jimbo ambalo limeshaweka utaratibu rasmi wa kuwapa vyeti. Promotora anaweza kukaa jikoni kwa jirani, akafungua bomba, akanywa yeye kwanza, kisha wakaongea habari ya chupa ya usiku na juisi. Daktari hana huo muda na wala hana huo mlango wa kuingilia. Bajeti ya mitambo ya kumwaga floraidi ilipatikana, na sio ghali, CDC walikua wanakadiria kwa mji mkubwa ni kama nusu dola kwa mtu kwa mwaka. Hela ya kuwalipa wanawake wa kugonga milango nyumba kwa nyumba mwaka baada ya mwaka ndo huwa ngumu kupatikana kila mahali, kwa sababu mazungumzo ya jikoni hayana sherehe ya kukata utepe.

Basi 2011 ikaja. LULAC, ule umoja wa kutetea haki za Walatino ulioanzishwa Corpus Christi, Texas mwaka 1929, mkongwe na mwenye uzito kuliko wote, mkutano wake mkuu wa taifa ukapitisha azimio la kupinga floraidi kwenye maji. Wakasema ni kuwapa watu dawa bila ridhaa yao, ni suala la haki za raia. Wakataja watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji ya bomba, wakasema watu wa jamii za wachache wana hatari zaidi na hawaambiwi. Na msukumo wa azimio lile ulitoka San Antonio hukohuko, mji ulioshinda kura.

Madaktari wengi wa meno walichukia, na naelewa kwanini. Ila soma lile lalamiko tena taratibu. Habari ya maziwa ya kopo haikua uzushi, chama cha madaktari wa meno cha Marekani chenyewe kilishatoa ushauri 2006 kwamba kukoroga maziwa ya kopo na maji yenye floraidi kunaweza kuleta madoa meupe mepesi kwenye meno ya kudumu ya mtoto, kwa hiyo mzazi anaeogopa hilo atumie maji yenye floraidi kidogo. Ushauri ulikuwepo. Swali la LULAC lilikua, nani alimfikishia mama wa upande wa magharibi huo ushauri, kwa Kispanyola, kabla hajakoroga? Hilo ni swali halali hata kama hitimisho lao la kuondoa floraidi kabisa mimi silikubali. Na walipotumia lugha ya haki za raia walikua wanaongea lugha ya jamii yao wakati upande wa meno unaongea asilimia. Chama cha madaktari wa meno Walatino, Hispanic Dental Association, kilichoanzishwa 1990, kipo upande wa kuunga mkono floraidi, kwa hiyo ukawa na vyombo viwili vya Walatino wenyewe vimesimama pande mbili tofauti, na mtu wa kawaida katikati anajiuliza amsikilize yupi. Kwa maoni yangu kiongozi wa afya ya kinywa alitakiwa awe ameshakaa na LULAC miaka ya 2003, 2004, wakati hakuna ugomvi, awape lile la maziwa ya kopo yeye mwenyewe kwa mkono wake kabla hawajalisikia kwingine. Habari mbaya ukiileta mwenyewe wanakuamini na ile nzuri.

Na lazima tuwe wakweli kuhusu sayansi yenyewe, maana mtetezi anaekuza mambo ndo anaemuandalia mpinzani wake ushindi. Ile faida kubwa iliyoonekana tangu Grand Rapids, Michigan, mji wa kwanza kuweka floraidi mwaka 1945, ilipimwa enzi ambazo dawa ya meno yenye floraidi haikuwepo madukani. Uchambuzi wa Oktoba 2024 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya kwa pamoja, unasema kwa nyakati hizi faida imebaki ndogo, wastani wa kama robo ya jino kwa mtoto. Robo ya jino inasikika kama si kitu, ila wastani unamchanganya mtoto mwenye kila kitu na yule wa visiki vya kahawia, na mimi naamini ni huyu wa pili ambae ile robo inamhusu zaidi. Kwa upande mwingine Agosti 2024 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ukatoa ripoti kwamba maji yenye floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita yanahusishwa na watoto kuwa na akili ya chini kidogo kwenye vipimo, ukasema pia kwamba data za kuamua kuhusu 0.7 hazitoshi. Mwezi uliofuata jaji Edward Chen kule California akaiamuru serikali ichukue hatua kuhusu hatari hiyo. Mzazi anasikia tu floraidi na akili ya mtoto, ile 1.5 na 0.7 zinapotea njiani kabisa.

Yaliyofuata 2025 ndo yanaonyesha gharama ya kuacha pengo. Siku ileile ya Novemba 2000 wakati San Antonio wanapitisha, kaunti za Salt Lake na Davis kule Utah nazo zilipitisha, sasa Utah imekua jimbo la kwanza kupiga marufuku, sheria imeanza Mei 2025. Miami-Dade, kaunti ambayo karibu watu 7 kati ya 10 ni Walatino, mwezi Aprili madiwani walipiga kura, 8 kwa 2, kuondoa floraidi, meya Daniella Levine Cava akaweka veto, Mei madiwani wakaipindua veto yake, na siku chache baadae gavana akasaini marufuku ya jimbo zima la Florida. Meya alisimama, namheshimu kwa hilo, ila alikua anatetea kwenye meza ya baraza kitu ambacho kilitakiwa kiwe kinatetewa mtaani Hialeah na Little Havana miaka yote iliyopita, na akina mama wenyewe.

San Antonio bado ina floraidi yake. Ningekua na sauti pale nisingesubiri kura ya nne iitishwe. Texas ina mpango wa First Dental Home tangu 2008, watoto wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo) wa kuanzia miezi 6 hadi 35 wanakaguliwa mapema na kupakwa vanishi ya floraidi, hiyo inamfikia mtoto hata kama nyumbani wananunua garrafón, ila ni kwa mtoto aliyefikishwa kliniki, kwa hiyo promotoras walipwe kwa ajili ya kuwafikisha. Wazazi nao wasiachwe, kwa sababu Medicaid ya Texas kwa mtu mzima upande wa meno ni kama haipo, wengi wanaendesha gari karibu kilomita 250 mpaka Nuevo Laredo ng'ambo ya mpaka kutibiwa kwa bei wanayoiweza, na wasio na karatasi hata hiyo safari hawathubutu maana kurudi ni kasheshe. Mama mwenye jino linalomuuma miaka miwili ukimletea habari ya maji ya mwanae anakusikiliza nusu nusu. Mng'oe jino lake kwanza, bure au kwa bei ndogo, kisha mwambie habari ya chupa ya usiku, ya bomba, na ya maziwa ya kopo, zote tatu, siku hiyohiyo.